Uzi maalumu: Mbio za farasi wa thorobredi, jinsi ya kuzisoma kabla hujaweka hata shilingi

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mada ya farasi ikiletwa humu inaishia kwenye mkeka. Vijana wengi wanazijua mbio za farasi kupitia zile skrini za kwenye maduka ya kubeti, ambako mbio mpya zinaanza kila baada ya dakika chache. Farasi wale hawapo. Ni picha za kompyuta, na mshindi anatolewa na programu ya namba za kubahatisha. Utamsomaje farasi asiye na mama, asiye na miguu inayouma, asiye na rekodi ya wiki iliyopita? Mimi nataka tuzungumzie mbio zenyewe, za farasi wenye damu. Hizo zinasomeka. Mtu akitulia anaweza kueleza kwa nini fulani ameshinda na kwa nini fulani ameishiwa pumzi mita 200 kabla ya mwisho, na ukishafika hapo raha yake haina mfano.

Nimeishi Nairobi miaka kadhaa, na Jumapili zangu nyingi zimeishia uwanja wa Ngong Road, kwa hiyo mifano mingine itatoka pale. Mingine itatoka Uingereza, Marekani na Australia, kwa sababu huko ndiko mchezo huu ulikokomaa.

Kwanza farasi mwenyewe. Thorobredi, yaani aina ya farasi waliozalishwa kwa ajili ya mbio, ni ukoo uliofungwa. Ili farasi asajiliwe lazima baba na mama yake wote wawe wamesajiliwa, na daftari la vizazi la Uingereza lilianza kuchapishwa mwaka 1791. Ukipanda juu kwa upande wa baba, baba hadi baba, unaishia kwa madume watatu walioingizwa Uingereza kutoka nchi za mashariki, kati ya mwisho wa karne ya 17 na miongo ya mwanzo ya karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Huyo Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, akafika Uingereza mwaka 1704. Thorobredi walio wengi kabisa duniani leo wanatoka kwake kwa upande wa baba, na njia kubwa ilipita kwa kilembwe chake Eclipse, aliyezaliwa 1764, akakimbia mara 18 na hakushindwa hata mara moja.

Sheria moja inayowashangaza watu wa ng'ombe wa maziwa: kwenye thorobredi kupandikiza mbegu kwa mrija ni marufuku. Dume lazima ampande jike mwenyewe, la sivyo mtoto hasajiliwi. Jike anabeba mimba miezi 11. Ndiyo maana dume aliyeshinda mbio kubwa anaweza kuingiza pesa nyingi bandani kuliko alizowahi kuingiza uwanjani.

Umri nao una utaratibu wake. Katika nchi za kaskazini ya dunia farasi wote wanaongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwingine Mei. Australia na Afrika Kusini ni tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo kwenye mbio za farasi wa miaka miwili unaweza kukuta mmoja amemzidi mwenzake miezi mitatu au minne, na katika umri ule hiyo ni tofauti kubwa sana ya mifupa na misuli. Ukiona mtoto wa Mei anakimbizana na mtoto wa Januari na hawaachani mbali, mwandike jina. Mwaka unaofuata atakuwa mtu mwingine.

Mwaka huo unaofuata, wa miaka mitatu, ndio wenye mbio za heshima. Derby ya Epsom, Uingereza, ilianza 1780, ni kama mita 2400 kwenye nyasi. Kentucky Derby ya Marekani ilianza 1875, ni kama mita 2000 kwenye udongo. Kenya nao wana Derby yao ya mita 2400, wana Oaks yao (mbio za majike) na St Leger yao (mbio nyingine ya miaka mitatu), kwa kufuata mpangilio wa Waingereza waliozileta mbio Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1900. Uwanja wa Ngong wenyewe ulianza kutumika 1954.

Nitaendelea na mambo ya uzito. Ulizeni.

#2 · Mchangiaji, Mwanza

Mkuu naweka kambi hapa. Swali langu la kwanza: nimeona kwenye mbio za wenzetu kila farasi ameandikiwa kilo. Huyu 58, huyu 52. Ni kilo za joki au za farasi?

#3 · Mleta uzi

Swali zuri mno mkuu, na ndilo lenye kiini cha mchezo mzima.

Ni kilo ambazo farasi lazima azibebe mgongoni: joki (yule anayempanda), nguo zake, viatu vyake na tandiko, vyote kwa pamoja. Kabla ya mbio joki anapanda mizani ameshika tandiko lake mkononi. Kama kadi inasema 57 na yeye na tandiko wanafika 54, vinaongezwa vipande vya risasi kwenye mifuko maalumu ya tandiko hadi 57 itimie. Mbio zikiisha anarudi mizani na tandiko lilelile. Akikutwa amepungua kupita kiasi kinachovumiliwa, ushindi unafutwa. Ndiyo maana kwenye uwanja wowote makini wanakuomba usitupe tiketi yako mpaka watangaze kwamba joki wamepimwa na matokeo ni rasmi.

Sasa kilo zinapangwaje? Kuna njia mbili kubwa.

Kwenye mbio za heshima kama Derby, farasi wote wanabeba sawa, isipokuwa majike wanapunguziwa kidogo. Kentucky Derby dume anabeba ratili 126, yaani kama kilo 57, na jike ratili 121. Huko anatafutwa aliye bora, basi.

Njia ya pili ni hendikapu. Hapa kuna mtaalamu ambaye kazi yake ni kumpa kila farasi alama kutokana na mbio zake zilizopita, kisha anampa mwenye alama kubwa kilo nyingi na mwenye alama ndogo kilo chache. Lengo lake, kwa nadharia, ni wote wafike mstarini bega kwa bega. Kwa mbio za mita 1600 wengi wanahesabu kwamba takribani kilo moja ni sawa na urefu wa mwili wa farasi mmoja mwishoni. Mbio zikiwa ndefu zaidi, kilo ileile inauma zaidi.

Mfano mmoja nitakaousema mpaka nife: Phar Lap. Mwaka 1930 alishinda Melbourne Cup ya Australia, maili mbili kwa kipimo chao cha wakati huo, yaani kama mita 3200, akiwa amebeba takribani kilo 62 na nusu, na watu walikuwa wanajua atashinda. Mwaka uliofuata mpangaji wa kilo akamtwika 68. Farasi yuleyule, uwanja uleule, akamaliza wa nane. Mtu anayesoma matokeo tu atasema Phar Lap alishuka kiwango. Anayesoma kilo anaona kwamba alizuiwa, na kwamba kuzuiwa huko ni sehemu ya sheria za mchezo.

Kwa hiyo mkuu, ukiona farasi ameshinda mbio mbili mfululizo halafu ya tatu amepandishwa kilo nne, usikimbilie jina. Jiulize kama zile mbili alishinda kwa mbali akiwa hajakamuliwa, au alishinda kwa pua huku joki anampiga mjeledi.

#4 · Mchangiaji, Nakuru

Wazee, mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa mabanda ya mkufunzi mmoja Nairobi, sasa nimerudi nyumbani shambani. Niongeze kidogo juu ya kazi ya asubuhi, maana watu wanaona Jumapili peke yake.

Tulikuwa tunaingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Kitu cha kwanza, kabla ya taa zote kuwashwa, ni kuangalia ndoo ya chakula cha usiku. Farasi wa mbio anakula shayiri na nyasi kavu, na anapenda kula. Ukikuta amebakisha, unamwambia mkufunzi hapo hapo, kabla hata hujamsalimia. Kubakisha chakula ndiyo habari ya kwanza kwamba kuna kitu: homa, tumbo, au amefanyishwa kazi kupita nguvu zake.

Ya pili ni miguu. Unachuchumaa, unapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kutoka chini ya goti mpaka kwa kifundo, polepole. Hapo ndiyo ule ukano mkubwa unapita. Unatafuta joto. Mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha unarudi wa kushoto. Ikiwa mmoja ni moto kuliko mwenzake, hata kama anatembea vizuri kabisa, siku hiyo hakimbii. Nimeona farasi akiondolewa kwa mbio za pesa nzuri sababu saisi alisema "huu mguu una joto." Mkufunzi mzuri anamsikiliza saisi. Asiyesikiliza, farasi wake hawadumu.

Siku nyingi za wiki wanaenda mbio za taratibu tu. Kwenda shoti kwa nguvu zote ni mara moja au mbili kwa wiki. Baada ya hapo unamwogesha, unamtembeza mpaka pumzi irudi na jasho likauke, ndiyo unampa maji ya kutosha. Karibu na siku ya mbio anakuja fundi wa kwato, anabadilisha vyuma vizito na kumpigilia vya alumini, vyepesi.

#5 · Mleta uzi

Mkuu wa Nakuru, asante sana. Hiki ulichoandika ni dhahabu, maana mtazamaji naye anaweza kutumia macho yako dakika kumi kabla ya mbio.

Kabla ya kila mbio farasi wanazungushwa kwenye pedoki, ile sehemu ya duara yenye uzio, masaisi wameshika lijamu. Watu wengi wakati huo wako foleni ya chakula. Mimi nawasihi: simameni pale pembeni. Angalia kama kwato za nyuma zinatua mbele ya alama zilizoachwa na kwato za mbele. Mwenye hatua ndefu namna hiyo kwa kawaida ametulia na hana maumivu ya mgongo. Angalia jasho. Nairobi mchana wa jua kali kila farasi atalowa kidogo shingoni, lakini povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma wakati mbio hazijaanza ni nguvu inayomwagika bure. Masikio yakigeuka huku na huku kwa udadisi, vizuri. Yakilazwa nyuma muda wote, ana hasira au ana maumivu. Na ngozi: farasi aliye fiti manyoya yake yanang'aa bila kupakwa chochote, na ukimtazama kwa nyuma mapaja yamejaa.

Hayo peke yake hayatoshi kukupa mshindi, ila yatakusaidia kuwatoa wawili watatu ambao karatasi inawasifia.

#6 · Mchangiaji, Dar

Mimi bado naona ni bahati. Kentucky Derby ya 2022 alishinda farasi wa odi 80 kwa 1! Nani alisoma hilo?

#7 · Mleta uzi

Mkuu, nashukuru umeitaja, maana hiyo ndiyo mbio ninayoipenda kwa kufundishia.

Rich Strike. Aliingia siku moja kabla, baada ya farasi mwingine kutolewa. Alianzia geti la mwisho kabisa nje, namba 20. Mmiliki wake alikuwa amemnunua kwa dola 30,000 kupitia mbio za aina ambayo kila farasi anayekimbia anauzwa kwa bei iliyotangazwa, yaani kila anayeingizwa yuko sokoni. Kwa jina na kwa bei, hakuwa mtu wa kutajwa.

Lakini angalia saa. Mita 400 za kwanza waliokuwa mbele walizipita kwa sekunde 21.78, kasi kubwa kuliko mwanzo wowote katika historia ya Kentucky Derby. Mbio ni mita 2000. Farasi hawezi kulipa deni la namna hiyo. Rich Strike alikuwa huko nyuma kabisa, hakushiriki wazimu ule, na walipoingia mnyooko wa mwisho joki wake akampenyeza ndani karibu na uzio huku walio mbele wanarudi nyuma kwa uchovu. Kumtabiri yeye kwa jina ilikuwa ngumu, nakubali kabisa. Ila kutabiri kwamba wa mbele watakufa na atakayeshinda atatoka nyuma, hilo lilisomeka kabla hawajamaliza nusu ya kwanza.

Weka pembeni yake Secretariat, Derby hiyohiyo mwaka 1973. Vipande vyake vitano vya mita 400 vilikuwa sekunde 25.2, 24, 23.8, 23.4 na 23. Soma tena taratibu. Kila kipande alikimbia haraka kuliko kilichotangulia, mpaka mwisho. Jumla dakika 1 sekunde 59.4, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Majuma matano baadaye akashinda Belmont, mbio nyingine kubwa ya Marekani, mita 2400, kwa kuwaacha wenzake urefu wa farasi 31, kwa dakika 2 na sekunde 24.

Kwa hiyo kwenye mbio zozote, kabla ya kutazama nani ana kasi, hesabu ni wangapi wanapenda kuongoza. Akiwepo mmoja tu, anaweza kujiwekea mwendo wake taratibu na hamtamkamata. Wakiwepo watano, watauana wenyewe kwa wenyewe na wewe mtafute mwenye subira. Rekodi za mbio zao zilizopita zinakuonyesha nani alikuwa wapi katika kila hatua, na hiyo ndiyo kurasa ya kwanza ninayofungua.

Na kuna kitu cha mwili hapa ambacho kinanivutia sana. Farasi anapokwenda shoti, pumzi yake imefungwa na hatua: hatua moja, pumzi moja. Hawezi kuhema mara mbili katika hatua moja kama sisi. Moyo unaopiga mara 30 na kitu kwa dakika akiwa amepumzika unapanda hadi zaidi ya 220. Wengu wake unajikamua na kumwaga akiba ya chembe nyekundu kwenye damu. Mashine ya ajabu hii, lakini ina kikomo, na joki mzuri ni yule anayekijua kikomo cha aliyempanda.

#8 · Mchangiaji, Louisville

Ndugu zangu, nasalimia kutoka Kentucky. Tuko Waswahili wengi hapa, Wakongo hasa, na huwezi kuishi mji huu bila kuijua Derby. Inakimbiwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Ijumaa yake ni Oaks ya majike, na watoto wa shule za umma hawaendi shule siku hiyo.

Ninachotaka wote humu mkijue: Derby ya kwanza, 1875, kati ya majoki 15, 13 walikuwa watu weusi. Mshindi Aristides alipandwa na Oliver Lewis, mtu mweusi. Isaac Murphy alishinda Derby tatu: 1884, 1890 na 1891. Katika Derby 28 za kwanza, 15 zilishindwa na majoki weusi. Wa mwisho alikuwa Jimmy Winkfield, 1901 na 1902 mfululizo. Kisha ubaguzi ukawasukuma nje. Walifungiwa njia uwanjani, wakabanwa makusudi kwenye uzio, wamiliki wakaacha kuwapa farasi. Winkfield akaenda Urusi akawa bingwa huko. Tangu yeye hakuna joki mweusi aliyeshinda Derby.

Nikipita pale Churchill Downs, uwanja wa Derby, na watoto wangu ninawaeleza hayo. Wasidhani huu ni mchezo tuliokaribishwa juzi.

#9 · Mleta uzi

Ndugu yangu wa Louisville, ubarikiwe kwa hili. Anayeelezea mbio za Marekani bila Isaac Murphy amekata nusu ya hadithi.

#10 · Mchangiaji, Tanga

Nauliza kama mwanamke: wanawake wanapanda, au ni kazi ya wanaume wadogo wadogo tu?

#11 · Mleta uzi

Wanapanda, dada yangu, na wanapambana kwenye mbio zilezile na wanaume, na katika nchi nyingi kwa kilo zilezile. Julie Krone alishinda Belmont 1993. Michelle Payne alishinda Melbourne Cup 2015 akiwa na Prince of Penzance, odi 100 kwa 1, na ndiye mwanamke wa kwanza kuishinda. Kwa upande wa ukufunzi, Kenya ilitangulia: Beryl Markham alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado msichana, miaka ya mwanzo ya 1920, na mwaka 1926 farasi wake Wise Child akashinda St Leger ya Kenya. Dunia inamkumbuka zaidi kwa kuvuka Atlantiki na ndege 1936, lakini farasi ndio waliokuwa maisha yake, na alirudi kwao hadi uzeeni Nairobi.

Kuhusu wadogo wadogo: ni kilo tu. Mtu wa kilo 70 ni vigumu kupata mbio za kupanda. Majoki wengi wako kati ya 50 na 55, na kujinyima chakula na maji ili kufikia uzito ni upande mgumu sana wa kazi yao.

#12 · Mchangiaji, Dubai

Huku kwetu mbio ni msimu wa baridi. Dubai World Cup ilianza 1996, farasi wa Marekani Cigar akashinda ya kwanza, na tangu 2010 inakimbiwa Meydan, mita 2000. Mazuri ya huku ni kwamba mbio zimejengwa bila kubeti. Kuna shindano la bure la kubashiri washindi, unajaza karatasi, ukipata unazawadiwa. Watu wanajaa uwanjani na hawana hata dirhamu waliyoweka. Usiku huohuo wa World Cup kuna pia mbio za farasi wa Kiarabu halisi, tofauti na thorobredi. Basi mwenye kusema farasi bila kubeti havina maana, aje Meydan.

#13 · Mchangiaji, Dar

Sawa nimekubali somo la Rich Strike. Ila kubeti kwenye uwanja kunakwendaje? Ni sawa na mpira?

#14 · Mleta uzi

Kuna namna mbili. Moja ni ile ya mpira: kampuni inakupa odi, ukishaweka unaijua odi yako. Nyingine ni mfuko wa pamoja, iliyobuniwa Paris miaka ya 1860. Pesa za wote zinaingia kwenye mfuko mmoja, uwanja unakata sehemu yake, kinachobaki kinagawanywa kwa waliompata mshindi. Tuseme mfuko una 100,000, uwanja umekata 20,000. Zimebaki 80,000. Kama farasi aliyeshinda alikuwa amewekewa jumla ya 20,000, kila 1,000 inarudi 4,000. Kama alikuwa amewekewa 60,000, kila 1,000 inarudi kama 1,330 tu. Unaona sasa: unashindana na watazamaji wenzako, na farasi mzuri ambaye kila mtu amemwona analipa kidogo sana.

Anayependwa na wengi anashinda takribani mbio moja katika kila tatu. Maana yake mbili kati ya tatu anashindwa. Na ile asilimia inayokatwa inakatwa kila mara, ushinde ushindwe. Sijawahi kumshauri mtu aweke pesa ya kodi au ya ada, na sitaanza leo. Kuna siku nyingi naenda na kadi na kalamu tu, naandika wangu kabla ya kila mbio, kisha nalinganisha.

#15 · Mchangiaji, Mwanza

Mkuu swali gumu. Kwa nini farasi akivunjika mguu wanamuua? Mtu akivunjika anafungwa POP anaendelea na maisha.

#16 · Mleta uzi

Farasi ana kilo 450 hadi 500 na chini ya goti hana misuli, ni mfupa, kano na ngozi. Mfupa ukipasuka mara nyingi unasagika vipande vingi na damu inayofika pale ni kidogo. Kulala muda mrefu hawezi, mapafu na utumbo vinaharibika. Lazima asimame, na akisimama kwa miguu mitatu, ile mizima inaelemewa na kwato zake zinaanza kuvimba kwa ndani na kuachana na mfupa. Maumivu ya ugonjwa huo ni makali mno.

Barbaro alishinda Kentucky Derby 2006 kwa urefu sita na nusu. Wiki mbili baadaye, kwenye Preakness, mbio nyingine kubwa ya Marekani, mguu wa nyuma wa kulia ukavunjika mwanzoni kabisa mwa mbio. Wamiliki hawakubana pesa, madaktari bingwa wakamfanyia upasuaji, wakamwekea vyuma, akapigana miezi minane. Mfupa ulikuwa unaunga. Kilichommaliza ni kwato za miguu mingine. Januari 2007 wakamuua ili asiendelee kuteseka.

Mimi naupenda mchezo huu na ndiyo maana nasema waziwazi: anayeupenda lazima adai udongo na nyasi za uwanja zikaguliwe, dawa za kuficha maumivu zidhibitiwe, na farasi mwenye mguu wa joto abaki bandani. Marekani walipitisha sheria ya taifa zima kuhusu usalama wa farasi mwaka 2020, baada ya miaka ya kila jimbo kufanya lake. Mjeledi nao umewekewa idadi ya mapigo katika nchi nyingi. Bado kuna kazi. Aliyoyasema saisi wetu wa Nakuru hapo juu yanaokoa farasi wengi kuliko sheria yoyote.

#17 · Mchangiaji, Arusha

Mwisho kwangu: Tanzania kwa nini hatuna? Na mtu anayeanza aangalie nini kwanza?

#18 · Mleta uzi

Maeneo mengi ya nchi yetu yana mbung'o, na farasi hawavumilii nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Kuna pia tauni ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi, inaua haraka, na inafanya hata kumsafirisha farasi kutoka ukanda huu kwenda nchi za nje kuwa shughuli nzito. Nairobi ina baridi ya mwinuko, na ilikuwa na walowezi wenye pesa na mashamba ya kuzalishia. Arusha hali ya hewa inaruhusu, mkuu, lakini uwanja, mizani, daktari wa mifugo, mafundi wa kwato na masaisi vyote vinahitajika kwa pamoja, na hiyo ni gharama kubwa.

Cha kuangalia: tafuta mtandaoni Kentucky Derby 2022 ile picha ya kutoka juu. Usianze kwa kumtafuta Rich Strike. Mara ya kwanza tazama wanne wa mbele tu, mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili fuata namba 21, maana ndiyo aliyovaa ingawa alitoka geti la 20, kisha tazama joki anavyobadilisha njia mara mbili kwenye mnyooko. Baada ya hapo tafuta Belmont 1973. Ukiwa na nauli ya Nairobi, angalia ratiba ya mbio za Jumapili, fika nusu saa kabla ya mbio ya kwanza, nunua kadi, nenda moja kwa moja pedoki. Nikiwepo utaniona nimesimama upande ambao farasi wanaingilia.